Khabari za Sinan, Mkuu wa Wajenzi wa Stambuli

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, killa siku twaingia misikitini, twavua viatu, twasimama safu, na wala hatumkumbuki mtu aliyetia timazi ukuta ule ukasimama sawa, wala aliyekesha akihisabu uzito wa dari iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hivyo nimependa kuwaeleza khabari za mtu mmoja katika watu wa kazi hiyo, tupate kujua taabu yake na fakhari yake, na tujue ni fakhari gani inayomfaa Muislamu.

Mtu huyo ni Sinan, aliyekuwa mimari wa masultani wa Dola ya Uthmaniya. Mimari ni fundi mkuu, mwenye kupima na kuchora jengo na kuwaamrisha waashi na maseremala. Alizaliwa karibu na mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, upande wa Kayseri, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Wazee wake walikuwa Wakristo. Zama zile dola ilikuwa ikichukua vijana katika raia zake Wakristo, wakasilimu, wakafundishwa, wakawa watumishi na askari wa Sultani. Sinan alichukuliwa katika zama za Sultani Selim wa kwanza, naye akajifunza useremala, kisha akaingia katika jeshi la Yanisari.

Akapigana vita vingi pamoja na Sultani Suleiman: Belgrade mwaka 1521, Rhodes mwaka 1522, Mohács mwaka 1526, kisha akafika Baghdad. Na killa alipopita alitazama kwa jicho la fundi: ngome imejengwaje, tao limeshikwa na nini, na mzinga umelivunja wapi. Katika vita vya Uajemi aliamrishwa kuunda merikebu tatu katika ziwa la Van, akaziunda. Na mwaka 1538, katika safari ya Moldavia, jeshi likakwama penye mto Prut, kwani ardhi ilikuwa ya matope na killa daraja lililotiwa likazama. Waziri Lutfi Pasha akamtaja Sinan, naye akalisimamisha daraja kwa siku chache, jeshi zima likavuka.

Hatta mkuu wa wajenzi wa Stambuli alipokufa, Lutfi Pasha akamtaka Sinan ashike mahala pake. Sinan alihuzunika kuwaacha wenziwe wa vita, lakini akakubali kwa kutaraji kwamba Mwenyezi Mungu atamjaalia kujenga misikiti. Hiyo ilikuwa mwaka 1539 au karibu yake, naye umri wake ulikwisha kukaribia miaka hamsini. Tazama, ewe ndugu: mtu ambaye jina lake limejaa ulimwengu alianza kazi yake kubwa katika umri ambao wengi wetu husema wamechoka.

Usidhani kuwa kazi ile ilikuwa kukaa juu ya zulia na kuchora kwa kalamu. Mkuu wa wajenzi alikuwa na killa udhia wa mji juu ya kichwa chake. Yeye huulizwa bei ya mawe na chokaa, yeye huulizwa risasi ya kufunikia kuba imechelewa wapi, yeye huulizwa kwa nini waashi hawatoshi. Mafundi walipopunguka, amri zilipelekwa kwa makadhi wa miji ya mbali wawatafute wachonga mawe na kuwaleta Stambuli, na wengine walitoroka njiani, ikabidi watafutwe tena. Nyumba za watu zikijengwa kinyume cha amri, yeye hupelekwa kuzitazama. Alipoagizwa kuitengeneza Aya Sofia, mwaka 1573, alikuta watu wamepachika nyumba zao hatta kwenye kuta za jengo lile tukufu. Ikawa hapana budi zivunjwe kwanza, ndipo azitie kuta nguzo za kuegemea. Na alipoleta maji Stambuli kutoka misitu ya nje ya mji, mwaka 1563 mafuriko makubwa yakaja yakabomoa madaraja ya kupitishia maji, kazi ya miaka ikaenda na maji. Sinan akarudi, akapima upya, akajenga tena. Na daraja la Mağlova alilolisimamisha lipo hatta leo.

Lakini dhiki kubwa kupita zote ilimfikia katika msikiti wa Suleimaniye. Msikiti huo ulianzwa mwaka 1550, juu ya kilima kinachotazama bahari. Mafundi walioandikwa katika daftari zake ni zaidi ya 3,500, karibu nusu Waislamu na nusu Wakristo, na killa mmoja ujira wake umeandikwa. Nguzo nne kubwa za ndani zilitafutwa mahala mbalimbali. Moja ililetwa kutoka Iskandaria na moja kutoka Baalbek, zikapakiwa katika vyombo na kuvushwa bahari. Kazi ya namna hii haiendi mbio. Miaka ikapita, na watu wenye husuda wakaanza kunong'ona kwamba Sinan ameshughulika na kazi nyingine, na kwamba kuba ile haishikwi ila na majukwaa ya miti. Siku yatakapoondolewa itaanguka.

Maneno hayo yakafika masikioni mwa Sultani. Siku moja Suleiman akaja mwenyewe penye jengo, naye amekasirika, akamkuta Sinan akitazama kazi ya marumaru ya mihrabu na mimbari. Akamuuliza jengo litakwisha lini, na akamkumbusha yaliyompata mimari wa baba wa babu yake, Sultani Muhammad Fatih. Na inasimuliwa kuwa mimari yule aliuawa. Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mtu mzee amesimama mbele ya mfalme, na vumbi la mawe liko juu ya nguo zake, na maisha yake yako katika jawabu moja. Sinan alijibu kwamba jengo litakwisha kwa miezi miwili. Wakubwa waliokuwapo wakadhani amepotewa na akili kwa khofu. Sultani akatuma aulizwe tena, naye hakulibadili neno lake.

Kisha hakwenda kujitetea kwa maneno wala kuwashitaki waliomsengenya. Aliwakusanya mafundi wote wa mji, akawagawia kazi, akasimama nao usiku na mchana. Miezi miwili ilipotimia, majukwaa yakaondolewa na kuba ikakaa mahala pake. Mwaka 1557 Sultani alipokuja kuufungua msikiti, Sinan akamkabidhi ufunguo. Na Sultani akaona kwamba aliye haki zaidi ya kuufungua ni yule aliyeujenga, akamrudishia, na Sinan akaufungua mlango kwa mkono wake huku akimtaja Mola wake. Na ule uliokuwa ukisemwa kuwa utaanguka umekaa zaidi ya miaka 450. Katika tetemeko kubwa la mwaka 1766 msikiti wa Fatih ulianguka kuba yake, na msikiti wa Suleimaniye ukabaki umesimama.

Sinan hakuwa malaika. Wajenzi wa Kikristo walikuwa wakisema kwamba Waislamu hawakuweza kusimamisha kuba kubwa kama ile ya Aya Sofia, na maneno hayo yalimkaa moyoni kama mwiba. Alipoamrishwa na Sultani Selim wa pili kujenga msikiti wa Selimiye katika mji wa Edirne, alikuwa amekaribia miaka themanini. Akaiweka kuba yenye upana wa mita 31 na zaidi juu ya nguzo nane, na minara minne iliyopanda kama mita 70. Yeye alifurahi, akasema ameipita Aya Sofia. Kwa kipimo cha leo upana wa kuba mbili hizo ni karibu sawa, na ile ya Aya Sofia iko juu zaidi kutoka ardhini. Basi hatta fundi bora hakosi kuteleza kidogo anapojipima na wengine. Lakini uzuri wa Selimiye hauhitaji kupimwa na jengo jingine, na wajuzi wengi wauhisabu kuwa ndiyo kazi yake iliyo bora. Selim hakuuona kufunguliwa. Alikufa mwishoni mwa mwaka 1574.

Mwenye kujenga hasahau kibla. Karibu na mwaka 1584 Sinan alikwenda Makka kuhiji, katika zama za Sultani Murad wa tatu, ambaye katika enzi yake Amir Ali Bey alileta merikebu zake katika pwani yetu hatta Mombasa. Katika orodha ya kazi za Sinan zimetajwa pia zile kuba ndogo za ruwaka za Haram, zilizotengenezwa zama za Selim na Murad. Wengi katika mahujaji wetu wamekaa katika kivuli cha ruwaka hizo wakisubiri adhana, wala hawakujua khabari hii.

Alifariki mwaka 1588, akiwa na miaka karibu mia, baada ya kuwatumikia masultani watatu na kujenga majengo zaidi ya mia tatu: misikiti, madrasa, hospitali, madaraja, na hamamu. Akazikwa pembeni mwa Suleimaniye, nje ya ua wake, katika kaburi dogo alilojijengea mwenyewe kwenye pembe ya njia. Na katika muhuri wake, ule aliokuwa akiutia juu ya karatasi za serikali, alijiita fakiri na mnyonge.

Haya ndiyo niliyotaka yazingatiwe. Fundi ana haki ya kuionea fakhari kazi yake, maana kazi iliyo imara ni amana iliyotimizwa. Lakini fakhari hiyo mahala pake ni katika jiwe lililokaa sawa na hisabu isiyo na khiyana. Haina nafasi katika ulimi. Ewe ndugu mwashi, na seremala, na karani, na mvuvi mwenye kuunda chombo: ukisengenywa, jibu kwa kazi. Mafuriko yakikubomolea, jenga tena. Na kazi ikitimia na watu wakikusifu, likumbuke kaburi lile dogo lililo nje ya ukuta wa jengo kubwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sinan, na mafundi wote wasiotajwa majina waliochanganya chokaa ya misikiti yetu, na atujaalie kuzitengeneza kazi zetu vizuri. Amin.