Bwana Mittelholzer na Mawingu ya Kibo

Kila mwanafunzi wa Moshi aweza kuwatajieni Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kilele cha Kibo mwaka wa 1889 kwa miguu. Lakini nilipowauliza wenzangu bwenini ni nani aliyeupita mlima huu kwa ndege kwanza, hapana aliyejua. Basi nawaletea habari zake.

Walter Mittelholzer alizaliwa tarehe 2 Aprili, 1894, katika mji wa St. Gallen, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Yeye alijifunza kazi ya kupiga picha, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akatiwa katika jeshi la ndege la nchi yake ili apige picha toka angani. Huko akapata hamu ya kurusha ndege mwenyewe, akawa rubani. Kazi zote mbili alizishika mpaka mwisho, huku usukani na huku kamera.

Uswisi ni nchi ya milima mirefu, na nadhani milima hiyo ndiyo iliyomfundisha kuyasoma mawingu. Mwezi wa Desemba 1926 aliondoka Zurich kwa ndege ya kutua majini, akafuata mto Nile na maziwa yetu makubwa, akafika Cape Town Februari 1927 baada ya siku 77. Kabla yake hapana aliyekuwa ameruka toka Uswisi mpaka mwisho wa Afrika.

Mara ya pili alikuja na ndege ya Fokker yenye injini tatu, akimchukua Baron Louis von Rothschild wa Vienna aliyetaka kuwinda. Katika safari hiyo, Januari 1930, aliruka juu ya Kilimanjaro, akaipiga picha Kibo na shimo lake.

Sisi wa Pasua twaujua mlima huu na tabia zake. Alfajiri Kibo huonekana nyeupe, wazi kabisa. Jua likipanda, hewa yenye unyevu hupanda nayo mteremko, hupoa, hugeuka mawingu juu ya msitu, na mara nyingi kabla ya adhuhuri mlima umekwisha kujifunika. Wakati wa masika mawingu hayo hukua yakawa minara ya radi. Ndani ya mnara kama huo upepo mmoja huirusha ndege juu na mwingine huitupa chini. Kuna mvua ya mawe, na barafu hushika mabawa. Tena ndani ya wingu rubani haoni kitu, na hapa kwetu wingu laweza kuficha mwamba wa mita 5,895.

Mittelholzer hakuwa na rada. Hapakuwa na mtu mnarani wa kumwambia lililo mbele. Alikuwa na macho yake tu, na shauri la kuendelea au kurudi lilikuwa lake. Watu humsifu kwa ushujaa, lakini mimi namsifu zaidi kwa kuwa alirudi salama na picha zake.

Wengine hawakurudi. Tarehe 18 Mei, 1955, Dakota ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga mlima huu, wakafa watu wote 20 waliokuwamo.

Siku hizi kazi ile ya macho ya mtu mmoja wameigawana watu wawili wasioonana. Rubani ana rada katika pua ya ndege, nayo humwonyesha mahali penye mvua kubwa. Marubani wengi hufundishwa kulikwepa wingu kali la radi kwa maili 20 za baharini, yaani kama kilomita 37. Lakini hawezi kugeuka apendavyo. Humwomba mwongoza ndege kwa redio, akitaja upande na umbali autakao. Huyu hutazama ndege nyingine zilipo, na ardhi iliyo chini. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka wa 1971, kipo kati ya Kibo na Meru, basi si kila upande wafaa. Njia ikiwa wazi, humruhusu. Isipokuwa wazi, humpa kimo kingine au humwambia angoje akizunguka. Akiisha kulipita wingu, rubani hutoa habari na kurudi njiani.

Shangazi yangu alikuwa katika ndege iliyozunguka hivyo mwezi wa Aprili mwaka jana, kisha ikarudi Dar es Salaam. Abiria walinung'unika sana, naye pia, kwa kuwa alikosa maziko ya jirani. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini moyoni niliwashukuru wale wawili.

Mittelholzer alikuwa pia mmoja wa wakuu wa Swissair, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1931. Mwaka wa 1934 alipeleka ndege Ethiopia kwa Mfalme Haile Selassie. Alikufa tarehe 9 Mei, 1937, akiwa na umri wa miaka 43, wala si angani. Alipata ajali akipanda mlima kwa miguu huko Styria, nchi ya Austria. Picha zake zimewekwa katika maktaba ya chuo cha ETH, Zurich, na katika zile za Kibo barafu imetanda mahali ambapo leo ni mwamba mtupu.