Duncan Sandys

Edwin Duncan Sandys (24 Januari 1908 – 26 Novemba 1987) alikuwa mwanasiasa wa Uingereza wa Chama cha Kihafidhina. Alikuwa Waziri wa Mahusiano ya Jumuiya ya Madola tangu 1960, na kuanzia Julai 1962 hadi Oktoba 1964 aliongoza pia Wizara ya Makoloni. Afrika ya Mashariki anajulikana hasa kwa migogoro miwili ya ardhi iliyoikabili Kenya ilipokaribia uhuru.

Maisha ya awali

Alizaliwa Sandford Orcas, katika wilaya ya Dorset. Aliingia bungeni mwaka 1935, na mwaka huohuo alimwoa Diana, binti wa Winston Churchill. Walitalikiana mwaka 1960. Kabla ya kupewa makoloni alikuwa Waziri wa Ulinzi (1957–1959).

Ukanda wa pwani

Kisheria, ukanda wa maili 10 kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, haukuwa sehemu ya koloni la Kenya. Ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza iliutawala kwa mkataba wa 1895 ikimlipa pauni 17,000 kwa mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Wafuasi wa vuguvugu la Mwambao walitaka ukanda huo ujitenge au urudi Zanzibar, lakini KANU na KADU, zilizopingana karibu katika kila jambo lingine, zote zilikataa. Bila bandari ya Mombasa, Kenya na Uganda zingekosa njia yao kuu ya baharini. Ripoti ya James Robertson ya 1961 ilikuwa tayari imependekeza ukanda uunganishwe na Kenya.

Tarehe 8 Oktoba 1963, mjini London, Sandys, Sultani Jamshid bin Abdullah, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte walitia saini mapatano ya kuukabidhi kwa Kenya. Kenyatta aliahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za kadhi na hatimiliki za ardhi za wenyeji. Mahakama za kadhi zimo hadi leo katika katiba ya Kenya.

Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini

Huku mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuta Wasomali karibu wote wanataka kujiunga na Somalia. Hata hivyo, Machi 1963 Sandys alitangaza kwamba eneo la Wasomali litakuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo, na mazungumzo ya Roma mwezi Agosti hayakuzaa kitu. Uamuzi wa mwisho uliachiwa serikali ya Kenya huru, ambayo ilirithi vita vya Shifta vilivyodumu hadi 1967.

Baadaye

Mwaka 1968 Sandys alikuwa mstari wa mbele kudai Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wazuiwe kuingia nchini humo, ingawa sheria ya uhuru iliyowaachia uraia huo ilipitishwa yeye akiwa waziri. Tangu 1972 alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya Lonrho, iliyokuwa na biashara kubwa barani Afrika. Aliacha ubunge mwaka 1974 na kupewa cheo cha lodi. Alifariki London akiwa na umri wa miaka 79.