Leo Fender: fundi wa radio aliyekataa kutia chuma ndani ya gitaa, kisha akakubali

Jina la Fender linajulikana kila mahali watu wanapiga gitaa. Liko kwenye kichwa cha gitaa nyingi, za kweli na za kuiga, na wengi wanadhani ni jina la kampuni tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu: fundi wa radio wa California, Marekani, mwenye jicho moja, ambaye hakujua hata kupiga gitaa. Na gitaa yake ya kwanza iliyopata sifa ilianza vibaya sokoni juu ya kitu kimoja: fimbo ya chuma ambayo yeye mwenyewe alikataa kuiweka.

Clarence Leonidas Fender, aliyeitwa Leo na watu wote, alizaliwa tarehe 10 mwezi wa nane 1909. Wazazi wake walikuwa na shamba la machungwa kati ya miji ya Anaheim na Fullerton. Akiwa bado mtoto mdogo, alipata uvimbe katika jicho la kushoto. Waganga walilitoa, akawekewa jicho la kioo. Kwa sababu ya jicho hilo hakuitwa jeshini wakati wa vita ya pili ya dunia.

Alipokuwa na miaka 13, mjomba wake aliyekuwa na garaji ya umeme wa magari alimtumia sanduku la vipande vya radio pamoja na batri. Mwaka uliofuata alimtembelea huyo mjomba, akakuta radio aliyoitengeneza mwenyewe, inapiga kwa sauti kubwa sana. Tangu pale kijana hakuacha tena mambo ya radio. Akiwa angali shuleni, alikuwa anawatengenezea watu radio zao nyumbani kwa wazazi wake.

Lakini hakuna shule iliyomfundisha umeme. Alisoma kontabilite, na alifanya kazi za kuandika hesabu. Mwaka wa 1934 alioa mke wake Esther. Ilikuwa miaka ya shida kubwa ya uchumi Marekani, na Leo alipoteza kazi mara mbili, moja nyuma ya ingine. Mwaka wa 1938 akaamua kujitegemea. Alikopa dola 600, akafungua nyumba ya kutengeneza radio pale Fullerton.

Wanamuziki wakaanza kumletea vyombo vyao vya kupaza sauti. Wakati ule bendi zilipiga katika sale kubwa za dansi, na gitaa zao zilikuwa na tumbo wazi. Ukiongeza sauti sana, tumbo linatetemeka, baffle inalia. Leo aliwasikiliza. Mwaka wa 1945, pamoja na rafiki yake Doc Kauffman, alianza kutengeneza gitaa za umeme za kuweka juu ya magoti. Kauffman alitoka mwaka uliofuata kwa kuogopa madeni, lakini Leo aliendelea. Mwaka wa 1948 alimwajiri George Fullerton, na wote wawili wakaanza kutafuta gitaa ya namna ingine: ubao mzima bila tumbo, na shingo iliyofungwa kwa visi nne tu.

Hizo visi nne zilikuwa na maana. Leo alikuwa anawaza kama mtu wa kutengeneza radio. Kama kipande kimeharibika, unakitoa, unaweka kingine, kazi inaendelea. Gitaa za mafundi wakubwa zilikuwa na shingo iliyoshikizwa kwa gundi, na kuitoa ilikuwa kazi ya siku nyingi. Yeye alitaka mwanamuziki wa bendi, asiye na pesa nyingi, apate gitaa yake haraka.

Shida ilikuja kwenye hiyo shingo. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu sana. Kwa nyuzi nene za miaka ile, ni zaidi ya kilo 60, usiku na mchana. Mbao inavumilia, halafu polepole inapinda kuelekea nyuzi, kama upinde. Nyuzi zinabaki juu sana, vidole vinaumia, na sauti zinapotea ukipanda kuelekea chini ya shingo, karibu na tumbo.

Dawa ilikuwa tayari inajulikana. Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni Gibson, alikuwa amepata hakimiliki mwaka wa 1923 kwa fimbo ya chuma inayolala ndani ya shingo na kukazwa kwa ekru. Leo aliijua, lakini hakuitaka. Shingo zake zilikuwa za mepo, mti mgumu wa kwao, na aliamini ugumu wake unatosha. Tena, kutia chuma kunaomba mashine, saa na makuta, na yeye kila siku alikuwa anahesabu gharama. Basi gitaa za kwanza za mwaka wa 1950, zilizoitwa Esquire, zilitoka bila chuma ndani.

Aliyempinga alikuwa Don Randall, mtu wa kuuzisha vyombo vyake. Randall hakuwa fundi, lakini ni yeye aliyekutana na wenye maduka na wanamuziki. Shingo za gitaa za kwanza zilikuwa zinapinda, na mfanyabiashara hawezi kumpa mteja gitaa itakayorudishwa. Akashikilia kwamba bila chuma hatauza. Leo, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, alikubali. Kabla ya mwaka wa 1950 kuisha, gitaa zilikuwa zinatoka na fimbo ndani, kwa jina jipya la Broadcaster.

Namna aliyoiweka inaonyesha akili yake. Shingo yake ilikuwa kipande kimoja cha mbao, bila ubao wa pili juu, kwa hiyo hakuweza kupitisha chuma upande wa mbele. Akachimba mfereji upande wa nyuma. Mfereji haukunyooka. Katikati ulikaribia mgongo wa shingo, na kwenye ncha ulipanda kuelekea nyuzi. Fimbo ikilala mle inapinda. Upande mmoja imeshikwa karibu na kichwa, upande mwingine ina ekru. Ukikaza ekru, fimbo inatafuta kunyooka, na katika kunyooka inasukuma katikati ya shingo kuelekea nyuzi, kinyume cha nyuzi zinavyoivuta. Ukilegeza, nyuzi zinapata nguvu tena. Kisha mfereji ulifungwa kwa kipande chembamba cha mbao ya kahawia nzito, kwa gundi, ukalainishwa pamoja na shingo.

Ilibaki kasoro moja. Ekru iliwekwa upande wa tumbo, kwa hiyo kuifikia vizuri ilibidi kulegeza zile visi nne na kuinamisha shingo. Mafundi wanalalamika mpaka leo. Na kanuni yao ni ileile kwa gitaa yoyote yenye chuma: robo ya mzunguko tu, halafu unapima tena, maana aliyekaza kwa hasira anaweza kuvunja fimbo ao kupasua mbao.

Baada ya pale mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1951 kampuni Gretsch ililalamikia jina, kwani ilikuwa na ngoma zinazoitwa karibu vilevile, na Broadcaster ikawa Telecaster. Mwaka uleule ikatoka Precision Bass, na bezi ikaacha kuwa lazima chombo kikubwa. Mwaka wa 1954 ikatoka Stratocaster, ile ambayo Jimi Hendrix alipiga Woodstock mwaka wa 1969.

Lakini afya ya Leo ilikuwa mbaya. Alisumbuliwa miaka mingi na ugonjwa wa pua na kichwa, akafikiri anakufa. Mwanzoni mwa 1965 aliuza kampuni yake kwa CBS, kwa dola milioni 13. Halafu akapata mganga aliyemponyesha, akabaki mzima, bila kampuni. Hakukaa bure. Alifanya kazi na Music Man, na kisha akaanzisha G&L pamoja na George Fullerton. Ugonjwa wa Parkinson ulimshika, lakini aliendelea kwenda atelie. Alikufa tarehe 21 mwezi wa tatu 1991, na siku moja mbele ya kifo chake alikuwa bado kazini.

Ukishika gitaa ya Fender yenye shingo ya mbao moja, igeuze. Mstari mweusi unaoshuka katikati ya mgongo si pambo. Ndipo mfereji ulipofungwa, na chini yake kuna ile fimbo ambayo Leo hakuitaka.