Rebecca Boone: Mama wa watoto 10 aliyebeba mzigo wa sifa za mumewe

JINA la Daniel Boone ni miongoni mwa majina yanayosifiwa mno katika historia ya Marekani. Alikuwa mwindaji hodari, mfungua njia na afisa wa wanamgambo aliyewaongoza walowezi wa Kizungu kuvuka milima ya Appalachia hadi Kentucky. Mkewe, Rebecca, aghalabu hutajwa kwa sentensi moja au mbili tu. Hata hivyo, anayeyachunguza maisha ya jamaa hiyo hugundua kwamba gharama ya sifa hizo ililipwa kwanza na mwanamke huyo.

Rebecca Bryan alizaliwa Januari 9, 1739 huko Virginia, wakati huo likiwa koloni la Uingereza. Akiwa bado mtoto, alihamia na jamaa yake bonde la mto Yadkin, North Carolina. Huko ndiko alikoolewa na Daniel mnamo Agosti 14, 1756, akiwa na umri wa miaka 17. Baba mkwe wake, Squire Boone, aliyekuwa hakimu wa eneo hilo, ndiye aliyewafungisha ndoa.

Wawili hao hawakupata nafasi ya kuonja maisha ya maarusi. Tangu mwanzo waliwalea wana wawili wa kaka yake Daniel aliyekuwa amefariki. Mwaka uliofuata alizaliwa James, kifungua mimba wao. Kufikia 1781, Rebecca alikuwa amejifungua watoto 10, wavulana sita na wasichana wanne.

Daniel hakuwa mkulima wa kutulia shambani. Majira ya baridi yalipowadia, alitoweka msituni kuwinda kulungu na kutega wanyama ili auze ngozi. Mnamo Mei 1769 alielekea Kentucky na hakurejea hadi 1771. Kwa muda huo wote, kulima mahindi, kukamua ng'ombe, kusokota kitani, kushona nguo na kuwatuliza wadai kulimwangukia mkewe.

Msiba mkubwa wa kwanza uliwafika 1773. Jamaa hiyo iliuza shamba lake na kufunga safari ya kuhamia Kentucky pamoja na walowezi wengine. Lakini nchi hiyo haikuwa tupu. Washawnee, Wacherokee na mataifa mengine ya wenyeji asilia waliitumia kwa uwindaji, nao waliona wazi kwamba wageni hawa walikuja kukaa. Mnamo Oktoba 10, kundi dogo lililokuwa nyuma ya msafara lilivamiwa. James, mwenye umri wa miaka 16, aliuawa. Inasimuliwa kwamba Rebecca alitoa shuka ya kitani ili mwanawe asizikwe bila sanda.

Msafara ulivunjika. Mwaka wa 1774, vita vilipozuka kati ya Virginia na Washawnee, Daniel alipewa cheo katika jeshi la wanamgambo na kukabidhiwa ulinzi wa maboma ya bonde la Clinch. Kuanzia hapo, Rebecca alikuwa mke wa afisa. Cheo hicho hakikumpunguzia kazi wala hofu.

Mnamo 1775, baada ya Daniel kuongoza kazi ya kufungua njia hadi mto Kentucky, Rebecca alihamia boma jipya la Boonesborough. Alikuwa ametoka kumzika mwanawe William, aliyefariki akiwa mchanga. Mwaka haukupita kabla ya balaa jingine. Mnamo Julai 14, 1776, binti yake Jemima na wasichana wawili wa jamaa ya Callaway walitekwa na wapiganaji wa Kishawnee na Kicherokee walipokuwa katika mtumbwi mtoni. Daniel na wenzake waliwafuatia na kuwaokoa baada ya siku mbili.

Februari 1778, ilikuwa zamu ya Daniel mwenyewe kutekwa, akiwa na wanaume waliokwenda kutengeneza chumvi. Miezi ilipita bila habari. Akiamini kwamba amekuwa mjane, Rebecca aliwachukua watoto wake na kurudi kwa jamaa zake North Carolina. Jemima, aliyekuwa ameolewa, alibaki bomani. Daniel alipotoroka mwezi Juni na kukimbia zaidi ya kilomita 250, alilikuta boma halina mkewe.

Walirejea pamoja Kentucky mwaka wa 1779. Daniel alipandishwa cheo hadi luteni kanali wa wanamgambo. Agosti 19, 1782, katika vita vya Blue Licks, mwana wao Israel, mwenye umri wa miaka 23, aliuawa akipigana kando ya babake. Rebecca alikuwa amepoteza mwana wa tatu.

Baadaye walihamia Limestone, kando ya mto Ohio, ambako Rebecca alisimamia nyumba ya wageni na chakula cha wasafiri. Hakufanya kazi hizo zote peke yake. Kufikia 1787 Boone alikuwa akimiliki watumwa saba, ambao majina yao hayakupata sifa yoyote.

Mwisho wa yote, ardhi iliyogharimu damu ya wanao, na ya wenyeji waliofukuzwa, iliwaponyoka. Hati za Daniel zilikuwa na kasoro, kesi zikamwandama, na mashamba yakaenda moja baada ya jingine. Msomaji wa Kenya anayefahamu uchungu wa kukosa hati miliki ataielewa hali hiyo. Mwaka wa 1799, Rebecca akiwa na miaka 60, walihamia Missouri, iliyokuwa chini ya Uhispania. Marekani ilipolinunua eneo hilo mwaka wa 1803, madai yao ya ardhi yalikataliwa tena.

Rebecca alifariki Machi 18, 1813, akiwa na umri wa miaka 74. Bunge la Marekani lilimrejeshea Daniel sehemu ya ardhi hiyo mwaka mmoja baadaye, naye akaiuza kulipa madeni. Alipofariki mnamo 1820, alizikwa kando ya mkewe.

Mwaka wa 1845, watu wa Kentucky walilifukua kaburi la shujaa wao ili wakamzike upya Frankfort, na mabaki ya mkewe yakafukuliwa pia. Wapo Missouri wanaoshikilia kwamba waliofukuliwa si wao. Iwapo ndio, basi Rebecca alihama tena, kwa mara ya mwisho, kwa sababu ya jina la mumewe.