Fitzgerald, Mkatoliki Aliyeuona Utupu



Wengi mmeiona filamu ya The Great Gatsby, ile ya Leonardo DiCaprio, mkabaki na picha ya shampeni, magari na muziki. Leo nataka tumwangalie aliyeandika riwaya yenyewe, F. Scott Fitzgerald. Alikuwa mwenzetu, yaani Mkatoliki wa kubatizwa, na maisha yake hunisumbua kuliko ya watakatifu wengi.

Alizaliwa 24 Septemba 1896 huko St. Paul, Minnesota, Marekani. Pesa ilikuwa upande wa mama. Baba alipoteza kazi mwaka 1908. Basi Scott akakulia karibu na matajiri bila kuwa mmoja wao, na hamu ile haikumtoka. Akiwa shule ya bweni ya Kikatoliki ya Newman, New Jersey, alikutana na Padre Sigourney Fay, msomi mchangamfu aliyemwonyesha kwamba imani yetu si kitu cha kuchosha. Fay alifariki Januari 1919. Machi 1920 Fitzgerald akatoa riwaya yake ya kwanza, This Side of Paradise, akaitabaruku kwa padre huyo.

Humo tunamkuta Amory Blaine: kijana mwenye sura nzuri, anasoma Princeton, anapenda huyu, anaachwa na yule, anakunywa, na mwisho hana cha kushika. Vijana wa Marekani wakajiona humo. Fitzgerald akapata jina karibu usiku mmoja, na wiki iliyofuata akamwoa Zelda Sayre pale Kanisa Kuu la Mt. Patrick, New York. Ila yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuacha Misa.

Hapa ndipo panaponishika. Aliacha Kanisa, lakini dhamiri haikumwacha. Mwaka 1924 aliandika hadithi fupi iitwayo Absolution: mvulana wa miaka 11 anamwambia padre kwenye kitubio kwamba yeye huwa hasemi uongo. Kumbe huo ndio uongo wenyewe! Mtu asiyewahi kupiga magoti pale asingeweza kuiandika hofu ile. Mwaka uliofuata ikaja Gatsby. Tom na Daisy wana kila kitu, watu wanakufa kwa ajili yao, nao wanafunga mizigo na kuondoka. Juu ya mabonde ya majivu kuna bango kuukuu la daktari wa macho, na mume aliyefiwa anayadhania macho yale kuwa ya Mungu. Nilisoma falsafa miaka kadhaa, na sijakutana na picha kali zaidi ya dunia iliyomsahau Mungu lakini bado inahisi inatazamwa.

Sasa, aliyeyaona haya yote aliishi vipi? Aliishi vilevile kama wahusika wake. Pombe, sherehe, madeni. Kuanzia 1930 Zelda alikuwa akiingia na kutoka hospitali za magonjwa ya akili. Mimi siamini kwamba hakujua. Alijua kuliko sisi. Kujua tu hakukumwinua kitandani Jumapili asubuhi.

Alifariki kwa moyo huko Hollywood, 21 Desemba 1940, akiwa na miaka 44. Alitaka kuzikwa Rockville, Maryland, kwenye makaburi ya Parokia ya Mt. Maria alikolala baba yake. Kanisa likakataa, kwa kuwa hakuwa akishiriki sakramenti. Akazikwa makaburi mengine ya mji huohuo, na Zelda akalazwa pamoja naye mwaka 1948.

Binti yao, Scottie, aliendelea kumwombea nafasi. Mwaka 1975 Kanisa likakubali, na miili yote miwili ikahamishwa hadi Mt. Maria. Miaka 35 baada ya kukataliwa, Scott akalazwa karibu na baba yake. Novemba hii, unapoandika majina ya marehemu wako, ongeza na lake: Francis.