Hakim Workneh: Aliyerudi kwao Uhabeshi na mkalimani

Kwetu sisi tuliorudi, hakuna swali linalochoma kama kuulizwa wewe ni mtu wa wapi, na anayekuuliza ni ndugu yako wa damu. Waliorudi Rwanda baada ya 1994 bila kuwahi kuiona wanalijua swali hilo. Waliorudi Burundi kutoka Katumba, Ulyankulu na Mishamo, Kiswahili chao kikiwa chepesi kuliko Kirundi, wanalijua pia. Mfanyabiashara anayevuka Rusumo au Kobero kila wiki huulizwa pande zote mbili.

Kwa ajili yao nawaletea leo habari za Hakim Workneh Eshete wa Uhabeshi, yaani Ethiopia. Kwao Hakim maana yake ni daktari, si mwamuzi wa kesi kama tulivyozoea sisi.

Workneh alizaliwa Gondar, kaskazini mwa nchi hiyo, yapata mwaka 1865. Mwezi Aprili 1868 jeshi la Waingereza lililotoka India liliishambulia ngome ya Magdala ili kuwakomboa Wazungu waliokuwa wamefungwa na Mfalme Tewodros. Mfalme alijiua mwenyewe kuliko kutekwa. Katika vurumai hiyo mtoto Workneh, mwenye umri wa miaka mitatu hivi, alipotezana na watu wake.

Ofisa mmoja wa Kiingereza, Kanali Chamberlain, alimchukua akaenda naye India. Baada ya miaka michache ofisa huyo alifariki dunia, na mwenzake, Kanali Martin, akabeba gharama za masomo ya kijana. Kutokana na walezi hao wawili mtoto wa Gondar akaitwa Charles Martin.

Ikumbukwe kwamba hakuwa peke yake. Kutoka Magdala hiyo hiyo Waingereza walimchukua pia Alemayehu, mtoto wa mfalme, wakampeleka Uingereza. Huyo hakurudi. Alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 18 na akazikwa Windsor. Hata mwaka 2023, ombi la kurudisha mabaki yake Ethiopia lilikataliwa na kasri ya mfalme wa Uingereza.

Charles Martin alisomea udaktari Lahore, mji ambao sasa uko Pakistan, kisha akaongeza elimu Uskoti. Anatajwa kuwa Mhabeshi wa kwanza kusomea udaktari wa kisasa. Serikali ya Waingereza ikamwajiri Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Alikuwa na kazi ya heshima na mshahara wa uhakika. Kwa hesabu za dunia hii, hakuwa na sababu ya kutafuta kwao.

Hata hivyo, Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik II liliwashinda Waitaliano huko Adwa, na habari hizo zikaenea duniani kote. Daktari wa Burma aliposikia, akataka kwenda kuwatumikia watu wake. Mwaka 1899 ndipo alipofika Addis Ababa.

Kiamhara kilikuwa kimemtoka kabisa. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, na ili azungumze na watu wa taifa lake alihitaji mkalimani. Habari za daktari Mhabeshi aliyetoka ng'ambo zilipoenea, bibi yake alikuja kumtazama, akamtambua kwa makovu yaliyokuwa mwilini mwake tangu utotoni. Bibi na mjukuu hawakuwa na lugha moja, lakini kovu halihitaji mkalimani.

Wengi wetu tungependa hadithi iishie hapo, watu wakilia na kukumbatiana. Maisha hayaendi hivyo. Workneh alikuwa bado mwajiriwa wa Waingereza. Mwaka 1901 alifuatana na jeshi la Uhabeshi katika vita dhidi ya Sayyid Mohammed Abdullah Hassan wa Wasomali, kisha akarudi Burma. Mwaka 1908 alikuja tena, safari hii kama daktari wa ubalozi wa Uingereza Addis Ababa. Akaoa mke Mhabeshi, akaanza kupata watoto. Akarudi tena Burma. Mwaka 1919 ndipo alipohamia kwao moja kwa moja.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Tangu kukanyaga Addis Ababa kwa mara ya kwanza hadi kutua mizigo kabisa ni miaka 20. Anayedhani kurudi nyumbani ni jambo la siku moja, la kushuka kwenye lori na kupokewa, amtazame mzee huyu.

Aliporudi hakuyatupa aliyojifunza ugenini, na jina la Martin aliendelea kulitumia mbele ya wageni. Shule ya Tafari Makonnen ilipofunguliwa Addis Ababa mwaka 1925, alipewa kuisimamia. Akaanzisha shule ya watoto waliotolewa utumwani. Yeye aliyepoteza Kiamhara utotoni aliandika kitabu cha jiografia kwa Kiamhara. Mwaka 1927 alitumwa Marekani kuzungumzia ujenzi wa bwawa katika Ziwa Tana, na akiwa huko alikwenda Harlem kuwaalika Wamarekani weusi wenye ujuzi waje kufanya kazi Ethiopia.

Wafanyabiashara watapenda sura inayofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipewa kuongoza jimbo la Chercher, mashariki mwa nchi, kwenye kahawa nyingi. Enzi hizo watawala wengi wa Uhabeshi walikula kwa jasho la wakulima waliokuwa chini yao. Workneh akawawekea maofisa wake mishahara, na akajenga barabara kutoka Asbe Teferi hadi Mieso, kwenye kituo cha reli. Chercher ikawa jimbo la mfano. Anayejua adha ya kulipishwa na kila mtu mwenye kofia njiani ataelewa uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1935 Mfalme Haile Selassie alimpeleka London kuwa balozi. Waitaliano walipovamia mwaka huo, ilimbidi awaombe msaada Waingereza wale wale waliomlea. Msaada wa maana haukupatikana. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa bado. Wanawe wawili, Benyam na Yosef, walisomea uhandisi Uingereza, kisha wakarudi Ethiopia kuitumikia nchi wakati wa vita. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua mtawala wa Kiitaliano, Graziani, Waitaliano waliwaua watu wengi Addis Ababa, na waliosoma walisakwa mmoja mmoja. Vijana hao wawili waliuawa. Baba yao alikuwa mbali, uhamishoni kwa mara ya pili katika maisha yake.

Angeweza kusema nchi hii imenitosha. Hakusema. Waitaliano waliposhindwa mwaka 1941 na njia ikafunguka, mzee huyo alirudi tena Ethiopia. Alifariki Addis Ababa mwaka 1952, akiwa na umri wa karibu miaka 87.

Wahenga walituachia neno kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mimi naona tuwe waangalifu tunapowarushia watu methali hiyo. Workneh hakuiacha asili yake. Aliondolewa akiwa mtoto, kama walivyoondolewa wengi wa kwetu mgongoni mwa mama zao. Jirani yako aliyerudi asipojua lugha vizuri, usimcheke. Mpe muda na mpe kazi. Na wewe uliyerudi, usione haya kwa Kiswahili chako wala kwa ufundi uliojifunza kambini. Ni mali uliyokuja nayo, na nchi inaihitaji.