Freddie Mercury

Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara, Unguja, Zanzibar, 5 Septemba 1946 – London, Uingereza, 24 Novemba 1991) alikuwa mwimbaji, mpiga piano na mtunzi wa nyimbo, anayejulikana hasa kama mwimbaji mkuu wa bendi ya rock ya Queen. Miaka michache kabla ya kufa aliiweka rock kando kwa muda, akatunga albamu ya Barcelona (1988) iliyounganisha pop na opera. Aliiimba pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera kutoka Hispania.

Maisha ya awali

Alizaliwa Mji Mkongwe katika familia ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Uzoroasta wenye asili ya Gujarat, Uhindi. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, Uhindi. Huko alifundishwa piano na kupiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Mbali na masomo hayo ya utotoni hakusomea muziki katika chuo chochote.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia ilihamia Feltham, karibu na London. Freddie alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, na mwaka 1970 alianzisha Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon alijiunga nao mwaka uliofuata.

Dalili za opera katika Queen

Wimbo wake "Bohemian Rhapsody" (1975) una sehemu ya kati iliyotungwa kwa mtindo wa opera. Kwaya inayosikika humo ni sauti za Mercury, May na Taylor tu, zilizorekodiwa mara nyingi na kupangwa moja juu ya nyingine. Wimbo huo wa karibu dakika 6 ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Mnamo Oktoba 1979 alipanda jukwaani London pamoja na wachezaji wa Royal Ballet katika onyesho la hisani, akaimba akisindikizwa na okestra. Hata hivyo, hayo yote yalikuwa bado mapambo juu ya rock.

Kukutana na Caballé

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mercury alikwenda Royal Opera House, London, kutazama opera ya Verdi, Un ballo in maschera. Alikwenda kwa ajili ya Luciano Pavarotti, lakini sauti ya soprano ya Caballé ndiyo iliyomteka. Mwaka 1986, Queen walipokuwa Hispania, alieleza katika televisheni jinsi anavyomhusudu mwimbaji huyo. Habari zikamfikia mwenyewe, nao wakakutana katika hoteli mjini Barcelona mnamo Machi 1987.

Mercury hakwenda mikono mitupu. Alimchezea rekodi ya "Exercises in Free Love", kipande kisicho na maneno alichokitunga na mpiga piano Mike Moran, ambamo yeye mwenyewe aliiga soprano kwa sauti nyembamba ya juu. Caballé alikipenda, na siku chache baadaye alikiimba London, Moran akiwa kwenye piano. Kisha kikatiwa maneno ya Kihispania, kikaingia katika albamu kwa jina "Ensueño".

Kutengeneza albamu

Kwa mwimbaji wa opera ilikuwa kawaida kupewa nota zilizoandikwa tayari, ilhali Mercury alizoea kutunga studioni, akijaribu na kubadili kwa kusikiliza. Kwa kuwa Caballé alikuwa na nafasi chache za kufika studioni, Mercury alimwimbia sehemu zake katika kanda za majaribio, kisha mwenzake akazitumia kama kielelezo. Tim Rice alisaidia kuandika maneno ya "The Golden Boy" na "The Fallen Priest". Katika wimbo wa kwanza kati ya hiyo miwili kuna pia kwaya ya gospel.

Jambo la busara ni kwamba Mercury hakujaribu kujigeuza mwimbaji wa opera. Alibaki na sauti yake ya rock, Caballé akabaki na yake, na mvuto wa albamu unatokana na tofauti hiyo. Pungufu lilikuwa upande wa vyombo: sehemu kubwa ya kile kinachosikika kama okestra ilipigwa kwa vinanda vya elektroniki, pamoja na vyombo halisi vichache.

Wimbo "Barcelona" ulitoka mwaka 1987 na kufika nafasi ya 8 Uingereza. Mnamo 8 Oktoba 1988 wawili hao walionekana pamoja mjini Barcelona mbele ya Mfalme Juan Carlos, wakifuatisha kanda iliyorekodiwa badala ya kuimba moja kwa moja. Baada ya usiku huo Mercury hakuimba tena jukwaani.

Ugonjwa na kifo

Wakati wa kurekodi albamu hiyo Mercury alikwisha kujua kwamba ana virusi vya UKIMWI. Aliutangazia umma ugonjwa wake tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake nyumbani kwake Kensington akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yalifanyika kwa taratibu za Kizoroasta.

Baada ya kifo chake

Barcelona ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki mwaka 1992. Wimbo huo ulitolewa upya mwaka huohuo, ukapanda hadi nafasi ya 2 Uingereza. Mwaka 1999, kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa katika uwanja wa Camp Nou, Caballé aliuimba akiitikiana na sauti ya Mercury iliyorekodiwa.

Mwaka 2012 albamu ilitolewa tena. Safari hii Stuart Morley aliandika upya sehemu za vyombo, zikapigwa na okestra kamili kutoka Prague, huku sauti za waimbaji wawili zikiachwa kama zilivyorekodiwa. Caballé alifariki mwaka 2018. Mjini Zanzibar, makumbusho ya Freddie Mercury yalifunguliwa Shangani mwaka 2019.